Mianzi Iliyogemwa Jioni Ile

Kiongozi wetu alipigwa risasi akafa Makambako jioni moja ya masika, akishuka garini. Waliofyatua walikamatwa. Aliyetafutwa baadaye ni yule aliyewaonyesha gari lake. Jirani yetu wa Njombe alishukiwa kwa sababu yangu: nilisema nilimwona Makambako jioni ile, karibu na stesheni, amevaa koti lake refu.

Mkewe alisema mumewe alikuwa nyumbani akigema ulanzi, pombe ya mianzi. Mwanzi hukatwa ncha asubuhi na jioni, ukiachwa, unakauka. Asubuhi iliyofuata wazee waliikuta mianzi yake imekatwa vizuri, ulanzi umejaa. Kwetu mtu hatii kisu kwenye mwanzi wa mwenzake. Kijiji kizima kiliapa kwamba alikuwepo.

Mpelelezi akaniuliza kama mtu mwingine angeweza kuikata. Nilikuwa nimetoka sekondari, napenda kuulizwa. Nikamjibu, "Mwanzi haumjui mwenye kisu." Akacheka, akaandika. Jirani alifungwa miaka mingi.

Kadiri nilivyozeeka, niliiamini mianzi kuliko macho yangu. Jioni ile kulikuwa na ukungu, na makoti kama yale yalikuwa mengi. Mwaka huu niliposikia anaumwa sana, nilikwenda nyumbani kwake, mwezi wa Ramadhani, kumwomba radhi.

"Umezeeka vibaya, bwana mdogo," alisema kutoka kitandani.

"Kaka, nilikosea. Sikuuona uso."

"Uliniona. Hata mimi nilikuona, unatafuna hindi la kuchoma."

Nikamuuliza kuhusu mianzi.

"Mama watoto aligema. Nani angemdhania mwanamke?"

Akanieleza kwamba alikwenda Makambako kumwonya yule kiongozi, akachelewa. Nikauliza kwa nini hakusema hivyo mahakamani.

"Wangetaka kujua nilisikia wapi."

"Ulisikia wapi?"



"Kwenu. Nilileta ulanzi, nikakuta mlango umefungwa. Baba yako alikuwa ndani na wale vijana waliofyatua. Alisema gari atawaonyesha mwenyewe."

Siku ile ya mauaji baba alituaga kwamba anakwenda Ludewa kununua ng'ombe. Alirudi usiku bila ng'ombe, akanawa miguu, akala. Hatukumuuliza kitu. Nilipokwenda kutoa ushahidi, yeye ndiye aliyenipigia pasi shati.

"Mbona ulimficha?"

"Alinilea, nikiwa yatima. Tena nani angemwamini mfungwa?"

Binti yake, niliyemweleza mlangoni nilichokuja kusema, akaingia na uji. Alikuwa mtoto mchanga baba yake alipochukuliwa, na shuleni walimwita mtoto wa muuaji. Akaweka kikombe, akanigeukia.

"Baba mdogo, umemwambia? Kwamba hakuwa yeye uliyemwona?"

Nilikuwa na maneno ya kweli ya kumsafisha baba yake, na yote yalipita juu ya kaburi la baba yangu.

"Nimemwambia," nikasema. "Hakuwa yeye."

Akapiga magoti, akanishika mikono, akalia kwa furaha. Mgonjwa akageukia ukutani.