Daktari Asiyejua Kusalimia Watoto

Miaka ya tisini ikiyoyoma, binti yangu wa miaka mitano alikuwa na ngiri iliyovimba kila akicheka, na alikuwa mtoto wa kucheka ovyo. Tulishawahi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mayowe yake. Sasa tulikuwa hospitalini Kajiado tena, na sista alikuwa ameniambia waziwazi: akigoma na leo, nafasi ya upasuaji inaenda kwa mwingine. Niliogopa kuliko mgonjwa.

Daktari wa dawa ya usingizi akaja, kijana mchangamfu, akanyoosha ngumi. "Sasa, rafiki! Gota!"

Mtoto akainamisha kichwa. Daktari akazidi kunyoosha, mtoto akazidi kuinama mpaka kidevu kikagusa kifua. Daktari akapuliza glavu ikawa jogoo. Wapi! Mdomo ukaanza kupinda, nikajua king'ora kiko njiani.

"Mama, huyu daktari ni mbaya," akaninong'oneza kwa sauti ya kufika maabara. "Amekataa kunisalimia."

Hapo ndipo akili ikanirudia. Sisi ni watu wa magharibi mwa Kenya, tulipanga nyumba Kitengela kwa ajili ya kazi, na mchana kutwa mtoto alishinda kwa bibi jirani, Mmaasai. Huko mtoto humwinamia mkubwa, naye mkubwa humgusa kichwani, ndiyo salamu. Asiyekugusa amekukataa. Mimi mwenyewe nilimgusa kila jioni nikitoka kazini, bila hata kufikiria.

"Daktari, mguse kichwa!"

Akamgusa. Uso wa mtoto ukachanua, kisha akageukia wengine na kuinama upya. Wakaja wote, masista, hata mama wa usafi na mopu yake, kila mmoja akigusa na kucheka. Daktari wa upasuaji, aliyekwisha kunawa, akaruka nyuma mikono juu: "Mimi siwezi, jamani, nimeshanawa!" Mtoto akamngoja, kichwa chini. Mzee wa watu akainama, akamgusa kwa kidevu. Nilicheka hadi nikashika ukuta.

Waliniruhusu kuingia naye. Kifuniko cha dawa kilipomfika puani, alikuwa akimsimulia daktari habari za ndama wa bibi, yule mkaidi, yule anayekula ma... Akalala.

Nilibaki nimemshika mkono, nikimwambia asiogope.

"Mama," sista akasema, akinibandua vidole kimoja kimoja, "huyu ametulia kitambo. Mwachilie, ndio tuanze kukutuliza wewe."