Mufuko wa Papa Octave

Papa Octave wa Nchelenge alikojoa damu mara ya kwanza akiwa kijana mudogo, na wavuvi wenzake wakamupigia makofi: sasa ni muvuvi kamili. Wakati ule kila mutu aliyeshinda ndani ya maji ya ziwa Mweru alikojoa hivyo. Ulimeza dawa za kichocho, ukarudi kuvuta wavu. Kwa hiyo damu ilipomurudia uzeeni, hakushtuka. Alinunua dawa zilezile, mwaka muzima, mpaka siku mukojo ulipokataa kutoka na binti yake Kalenga, muuza samaki, akamupeleka hospitali.

Munganga hakuzunguka: kansa ya kibofu, imekwisha kutoka nje ya kibofu, haikatwi tena. Wakamutia mupira wa mukojo na mufuko wake, wakamurudisha nyumbani.

Mama wa nyumba alikuwa marehemu, na mutoto mwanamuke haoni uchi wa baba yake. Basi kila asubuhi alikuja Kalumba, muvuvi mwenzake wa zamani, kumuogesha na kumwaga mufuko. Kalenga alisikiliza nyuma ya pazia.

"Octave, leo umevua kilo ngapi?"

"Pima wewe, mwizi wa samaki!"

Halafu Kalumba akaenda kuzika ndugu kule Puta. Siku ya pili mufuko ulijaa, ukawa mugumu kama ngozi ya ngoma. Muzee alitetemeka, tumbo limevimba, na bado alishikilia blanketi kwa mikono miwili.

"Papa, acha nimwage."

"Toka, Kalenga. Kalumba atarudia."

"Atarudia kesho kutwa. Munganga alisema mukojo ukirudi juu, homa itakuua."

"Basi iniue. Mimi ni baba yako."

Kalenga akafunga mulango, akapiga magoti.

"Jina hili nani alinipa?"

"Mimi."

"Jina la nani?"

"La mama yangu."

"Basi mama yako njo mimi sasa. Mama anamuonea mutoto wake haya?"

Mikono ikalegea. Kalenga akavuta blanketi, akafungua kizibo, mukojo mwekundu ukatiririka kwenye ndoo. Akamupangusa kwa maji ya moto, polepole. Muzee aligeukia ukuta, mabega yanatikisika.

"Mama," akasema, "iko inauma."

"Najua, mwanangu."

Tangu ugonjwa uanze, hakuwa amemuambia mutu kwamba inauma. Kalenga hakuwa na dawa ya kumupa. Akaendelea kupangusa.