Namba ya Tonton Saidi Niliyoisahihisha

Jamani, jambo hili nimelificha muda mrefu, na hata sasa nikilisimulia nasikia masikio yanawaka, maana aibu nyingine mtu huicheka mwenyewe baada ya mwaka mmoja, lakini hii yangu bado haijakubali kuchekwa. Nitaisema tu. Mnicheke kidogo, kisha mninyamazie.

Kazi yangu ni kufunga simu za intaneti katika maduka na ofisi za hapa mjini, mtaa wa Makiso (zile ambazo kompyuta ndiyo inayopiga, inaita watu wengi kwa pamoja, na ukipiga mbali bei haitishi). Kwa sababu hiyo nyumbani kwetu, mtaa wa Mangobo, walinipa cheo cha ingénieur, yaani mhandisi, na mimi, mjinga, nikakivaa. Basi Papa alipozidiwa na figo akaniita karibu na kitanda, akanipa daftari lake la namba za ukoo mzima, akasema, "Ramazani, uite bote. Lakini Saidi njo wa kwanza. Minataka kusikia sauti yake mbele ya kufa."

Lazima niwaeleze kidogo. Tonton Saidi ni kaka mkubwa wa Papa, na hakuja kumzika mama yao, Papa akaapa hatasema naye tena, na kwa miaka kumi na moja jina hilo halikutajwa nyumbani kwetu hata kwa bahati mbaya. Kwa hiyo niliposikia Papa analitaja mwenyewe, nilijua hiyo si simu ya kawaida.

Sasa lile daftari! Namba moja inaanza na sifuri, nyingine na 243, nyingine ina sifuri mbili mbele, nyingine alama ya kujumlisha, nyingine haina kitu, na kompyuta haipendi fujo, inataka 243 ambayo ni nchi yetu, halafu tarakimu tisa, basi. Ningeweza kuziandika upya moja moja, watu thelathini na kitu, kazi ya saa moja. Lakini ingénieur mzima aandike kwa mkono? Nikaipa kompyuta amri moja: kila namba chukua tarakimu tisa za mwisho, zilizo mbele tupa zote, weka 243. Ya Tonton ilianza na 244. Niliiona. Narudia, niliiona kwa macho yangu haya, nikasema moyoni, maskini Papa, mkono unatetemeka, ameandika nne mahali pa tatu (sisi wote tulijua Tonton yuko Kolwezi). Nikamsahihisha baba yangu.

Nikarekodi ujumbe kwamba Papa Yakubu ni mgonjwa sana, anaomba kusikia sauti zenu, bonyezeni moja kama mmesikia. Haikupita saa, binamu zangu wa Bafwasende wanapiga, Kindu wanapiga, Bukavu wanapiga, na mbele ya jina la Saidi kompyuta ikaandika: amesikia. Nikakimbia kumwambia Papa. Alitabasamu, akaomba tumwinue aketi, akaomba na kanzu safi, akakaa anaitazama simu.

Siku hiyo Tonton hakupiga. Siku ya pili Papa akaniuliza, "Saidi anasema nini?" Nikatuma ujumbe tena, jibu likawa lile lile, amesikia. Siku ya tatu vivyo hivyo. Nikamwambia ukweli, au kile nilichokidhania kuwa ukweli, "Papa, anasikia, lakini hapigi." Akageukia ukuta. "Basi. Mumuache." Hakuuliza tena. Kesho yake asubuhi akafa, alasiri tukamzika akiwa hajaisikia sauti aliyoitaka.

Kwetu matanga hayaishi mpaka ukoo ukae chini kuulizana nani alimkosea marehemu. Siku ya tatu, baada ya kisomo, tukakaa chini ya turubai uani, na kesi ilikuwa moja tu, Saidi. Tantine Mwavita, dada yao, alikuwa amekataa hata kumpigia kumpa habari ya msiba: "Mutu anasikia ndugu yake iko anakufa, ananyamaza, mimupigie ya nini?" Wazee wakataka jina lake litolewe katika ukoo, asipokewe, na akifa asizikwe nasi. Mzee mmoja akauliza ushahidi uko wapi.

Nani aliinuka? Mimi. Nikaweka kompyuta mezani, nikaiunganisha na ile spika kubwa ya kisomo, kifua mbele, nikasema, "Muone benyewe, anabonyeza moja mara tatu. Alors, tumuite sasa, ajitetee."

Ikalia mara mbili. Sauti ya mwanamke, nyuma yake kelele za soko.

"Allô! Ni nyinyi tena? Minabonyeza moja, minabonyeza moja, mara tatu yote! Zawadi yangu iko wapi?"

"Zawadi gani, mama?" (Kwa nini niliuliza, sijui mpaka leo.)

"Si ni loterie? Ile ya kubonyeza moja?"

Mtu mmoja nyuma yangu pale uani akacheka, akakatiza kicheko. Nikauliza kwa sauti ndogo kama Tonton Saidi yuko karibu. "Saidi nani? Hii namba ni yangu. Miye niko Likasi, nauzisha samaki."

Tantine Mwavita aliinuka polepole, akachukua daftari, akaweka kidole. "Ramazani, hii haiko 243. Ni 244. Saidi iko Angola, mwaka wa ine sasa. Yakubu alikuja kuniomba hii namba yeye mwenyewe, akasema nisiambie mutu."

Nikaitazama tena ile namba. Mwandiko ulikuwa safi kabisa. Mkono haukutetemeka hata kidogo.

Hapo nilipaswa kuzima spika kwanza, lakini akili haikuwepo. Nikaiandika namba kama Papa alivyoiandika. Ililia mara moja tu.

"Yakubu?" sauti ya mzee, pumzi juu juu. "Minaona namba ya kwetu! Ni weye, Yakubu?"

Wote waliokuja kumhukumu walikuwa wanasikia.

"Hapana, Tonton. Ni Ramazani, mutoto yake."

"Ah, mutoto! Bon, mupatie simu. Mupatie mbio, mbele abadilishe mawazo."

Nikaisukuma kompyuta upande wa pili wa meza. Tantine ndiye aliyemwambia. Kilio tulichokisikia kwenye ile spika sitawasimulia.

Jina lake halikutolewa. Hakuna aliyenigombeza, na afadhali wangenigombeza. Cheo cha ingénieur kiliishia pale pale. Siku hizi kazini namba ya mtu siigusi, naiacha alivyoiandika mwenyewe mpaka nimpigie nimuulize jina, na wenzangu wananiambia nachelewesha kazi, na kweli nachelewesha.

Tonton hunipigia kila Ijumaa na swali lake ni moja, Yakubu alisema nini juu yake siku za mwisho. Namwambia aliomba kanzu safi, akakaa kumngoja. Ni kweli. Yale maneno aliyoyasema akiwa amegeukia ukuta sijamwambia, wala sitamwambia.