Moto wa Neli Juu ya Ikombe

Neli alikuwa mfinyanzi wa Kikisi pale Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya Ziwa Nyasa na milima. Mwaka 1909 boma la Wajerumani, misheni na wazee wa kijiji walipatana kuulinda msitu wa mlimani, maana kijito kilikuwa kinakauka na udongo unaporomokea nyumba. Boma lilitoa amri, misheni miche, wazee wakaonyesha mipaka. Mlinzi akawekwa Eliya, Mkristo wa hapohapo.

Wafinyanzi waliambiwa wachomee vyungu ufukweni. Kiangazi hicho Neli alichoka kuteremsha nyasi na kuni, akachomea kulekule juu, karibu na mpaka. Upepo ukageuka ghafla, ukarusha cheche msituni.

Alipiga ukemi, akaukimbilia moto na matawi mabichi. Eliya akamkuta huko, wakapambana nao mpaka jioni. Mteremko mzima wa miche ulikuwa majivu, na viganja vya Neli vimeungua vibaya.

"Moto umeanzia wapi?" Eliya aliuliza.

Neli akageuka, akakanyaga kaa lililokuwa bado linawaka.

Siku ya tatu akaja ofisa wa boma na askari wanne. Wanaume wakapangwa mbele ya kanisa: mkosaji asipojitaja, kila mmoja atapigwa viboko ishirini na tano. Wa kwanza alikuwa Asegelile, kaka yake Neli, ambaye homa ilikuwa imemlaza wiki nzima. Askari wakamlaza kifudifudi, wakamfunua mgongo. Eliya alikuwa akimtazama Neli tu.

"Mwacheni!" Neli akajitokeza katikati ya wanawake. "Ni mimi. Nilichomea vyungu kule juu kwa uvivu wangu."

Ofisa akaagiza minyororo. Mchungaji wa misheni akapinga. Wazee nao wakasema msitu tumeulinda wote, adhabu tuamue wote. Wakabishana muda mrefu, Neli kasimama juani, mikono imefungwa majani ya mgomba. Mwishowe ofisa akakubali aupande upya mteremko ule, amwagilie mpaka miche ishike.

"Ndaga fijo," Neli alishukuru.

Alipanda kwa miaka miwili. Viganja vilikakamaa, na midomo ya vyungu vyake ikawa inatoka kombo. Wanunuzi wa soko la Mwaya walilalamika, lakini walivichukua.

Siku moja mlimani alimuuliza Eliya, "Ulijua ni mimi?"

"Nilijua, dada. Kiboko kingeinuliwa, ningekutaja."

Neli akampa mche aushike, akaendelea kuchimba.