Mstari wa Wapiga Sakafu

Wewe cheka tu. Wenzako pia walicheka, na mmoja wao nilimpandisha ngazi mimi mwenyewe saa sita mchana, akashuka mbio akaacha viatu juu. Haya yalinipata mimi, nikiwa macho, sina homa wala sijala kitu cha kunipumbaza. Nilikuwa mwashi, mtu wa mwiko na chokaa. Kwa nini nikudanganye uzeeni?

Ilikuwa miaka ya themanini, hapa hapa Malindi, masika yakikaribia. Unalijua lile jumba la kale la afisi katikati ya mji, la ghorofa moja, kuta zake za matumbawe nene mpaka mtu aweza kulala dirishani akajinyoosha? Lilikuwa livunjwe. Kisa, kuvuja. Pahali pamoja tu pa sakafu ya juu, ile ambayo ndiyo paa lenyewe, upana wa mkeka wa kuswalia, palikuwa pakipitisha maji kila mvua ikinyesha, na boriti za chini zikaanza kuoza. Wakubwa wengine walitaka liangushwe lijengwe la matofali na mabati. Wengine, wale wa kuhifadhi majumba ya kale, wakasema watakuja wiki ya pili na ndoo za maji. Wakimwaga na lisivuje, litaandikwa kwenye orodha yao na halitaguswa tena. Likivuja, basi.

Kazi nikapewa mimi. Na mimi, kwa kujiona fundi, nikapaziba kwa saruji. Mara tatu! Kila nikijaribu kumwaga maji, yanatokea chini, tone kwa tone, juu ya meza ya Bwana Karani, mkubwa wa afisi ile.

"Fundi," akaniambia, "wewe unaziba au unachimba?"

Niliona haya, wallahi. Marehemu babangu alinifunza kazi kwenye kuta zile zile. Mamangu alizaliwa mtaa wa nyuma yake. Likivunjwa kwa sababu mkono wangu umeshindwa, ningepita njia gani mji huu?

Siku ya nne nilibaki peke yangu juu. Ilikuwa ile saa mama zetu walikuwa wakituzuia tusitoke, jua la utosini, maduka yamefungwa, hata kunguru wamenyamaza. Nimeketi kwenye kivuli chembamba cha ukuta, nakunywa dafu. Nikasikia: ta, ta, ta-ta. Polepole. Nikadhani ni moyo wangu.

Nikageuka. Niamini, walikuwako. Wanawake kama ishirini, wameketi mstari mmoja kutoka ukuta hadi ukuta, wamejifunga kaniki, chokaa imewapanda mpaka viwikoni. Kila mmoja ana kipande mkononi, kile kijiti kifupi kipana mwisho, na wote wanagonga kwa pamoja huku wakiimba chini chini. Hivyo ndivyo sakafu zilivyokuwa zikifanywa zamani. Haimwagwi ikaachwa. Hupigwa siku tatu, watu wameketi safu moja, wakisogea pamoja kidogo kidogo, mpaka chokaa na kokoto zinakuwa jiwe. Mimi hayo nilikuwa nimeyasikia tu. Niliwatazama kama unavyotazama kitu kilicho chini ya maji ya kidimbwi, kiko pale na kinatikisika. Na harufu, subhanallah, harufu ya chokaa mbichi ilijaa kote.

Uoga? Sikuwa nao, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Niliona raha, kama mtoto anayebebwa usingizini.

Ndipo nikaona nafasi. Katikati ya mstari palikuwa na pengo la mtu mmoja, na kipande kimelala pale peke yake. Pengo lile lilikuwa pale pale panapovuja.

Mwanamke wa karibu akainua uso. Mimi nimelelewa, ningefanya nini?

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba. Mwana wa nani wewe?"

Sasa hapo ndipo nilipokosea. Sisi watu wa pwani ukituulizia ukoo, tunautandaza wote kama jamvi, ni adabu. Nikajibu, "Mimi mwana wa Bi Khadija, binti wa Mwana Amina aliyetoka visiwani."

Vipande vyote vikanyamaza.

"Mwana Amina!" akasema yule. "Alituaga siku ya kwanza, uchungu umemshika. Akasema, niwekeeni nafasi yangu, narudi. Tukamwekea."

"Hakurudi," nikasema. "Alimzaa mamangu, akafa usiku ule ule."

Wakatazamana. Hawakujua! Hebu fikiria. Miaka yote ile wanamngojea mwenzao, wala hakuna aliyewaambia. Mmoja wao, mtu mzima kuliko wote, akaweka kipande chini akalia kwa kwikwi, nami nikalia naye, mtu na ndevu zangu.

Kisha yule wa kwanza akapangusa macho, akabaki na chokaa shavuni. "Basi kaa wewe," akasema, akanionyesha pengo.

Nikakaa. Kipande kilikuwa baridi. Nikapiga, wakapiga, tukasogea. Sijui tulipiga kwa muda gani. Nakumbuka jua halikuondoka utosini, wimbo ulizunguka ukarudi, na bega la mwanamke wa kulia liligusa langu lakini halikuwa na uzito. Sijawahi kufanya kazi tamu kama ile maishani mwangu.

Bwana Karani ndiye aliyeniamsha, ananitikisa mabega. "Fundi! Siku tatu! Mkeo amezunguka mji mzima analia! Tulipanda hapa mara ngapi, hukuwako!" Viganja vyangu vilikuwa malengelenge matupu. Saruji yangu haikuwako. Pale pahali palikuwa peupe na laini kama ganda la yai.

Watu wa kuhifadhi wakaja, wakamwaga ndoo, wakamwaga pipa zima. Meza ya Bwana Karani ikabaki kavu. Jumba likaandikwa, na liko mpaka leo, nenda ukaliangalie.

Mamangu nilimweleza yote. Hakuuliza kama naota. Aliuliza kitu kimoja tu, "Walimwekea nafasi?" Nikamwambia ndiyo, walimwekea. Akalirudia neno hilo mpaka usiku, "Walimwekea nafasi," akilia na kutabasamu. Alikuwa amekua akidhani hakuna aliyewahi kumngojea mamake.

Ila mkono wangu wa kulia haukuwa wangu tena. Tangu siku ile, kila saa sita mchana, niwe sokoni, niwe hospitali, huanza kugonga paja langu, ta, ta, ta-ta, mpaka jua lipinde. Umeniona wewe mwenyewe, ukadhani ni maradhi ya uzee. Nimeswali na mkono huo. Nimemzika mke wangu na mkono huo.

Juzi nilikuwa nakula na binti yangu, saa sita ndiyo imeingia. Mkono wake ukaanza kugonga mkeka. Nikauliza nani kamfundisha.

"Hakuna," akasema. "Kwani baba, wewe huwasikii?"

Nikasikiliza. Sikusikia kitu. Nikatazama mkono wangu, na mkono wangu umetulia pajani.

Basi nakuonya, na usicheke. Ukipanda juu ya jumba la kale mchana ukasikia kugongwa, amkia, kisha ushuke. Ukiulizwa wewe mwana wa nani, meza jina la mama yako. Na ukishindwa, ukivutwa ukakaa kwenye mstari kama nilivyovutwa mimi, walau uliza kazi inaisha lini. Mimi niliona raha, nikasahau kuuliza, na sasa anayelipa ni mtoto wangu.