Nimemvuta Masanja, akanawa

Leo nimemtoa mtu shimoni, akanishukuru kwa sabuni.

Mnajua nina kansa ya shingo. Kushuka siwezi tena, ila kamba bado nashika hapa machimboni Namungo.

Asubuhi udongo ukamporomokea mchimbaji mwenzangu, Masanja, huko chini. Nikamvuta peke yangu mpaka viganja vikachubuka.

Akafika juu anakohoa vumbi. Nikampa maji.

"Kaka, hii chupa umeinywea?"

"Ndiyo."

"Basi acha, utaniambukiza. Nina watoto mimi."

Watu wakacheka. Akaenda kunawa pale nilipomshika, mara mbili, kwa sabuni yangu na maji niliyochota mimi.

Na mimi nina watoto, wako Geita. Sijafa bado.

Kesho nashika kamba tena, na anayetangulia kushuka ni Masanja.

Ninyi mngemvuta?

Mimi nitamvuta. Ila aje na sabuni yake.