Siku Niliyoipasha Moto Kompyuta Mbele ya Mama Mkwe

Nilikuwa nasema, tena kwa sauti, kwamba duniani hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimeishia darasa la nne, nimebeba magunia ya mahindi mgongoni hapa Sumbawanga mpaka nikanunua mashine yangu ya kusaga, kisha ya pili, na zote nazifungua na kuzifunga mwenyewe bila kumwita mtu. Sasa nawasimulia aibu yangu, na mkicheka chekeni taratibu, kidonda bado kibichi.

Mama mkwe alikuja kutoka Milepa, kule bondeni, na shemeji yangu Deo kwa jambo moja tu: kuona video ya harusi ya binti yetu Neema, maana ndani yake yumo marehemu baba mkwe akimpa mjukuu baraka, na sauti ile haipo popote pengine ila kwenye kompyuta yangu ya mezani (nilinunua taslimu, sikukopa). Majirani nao wakajaa sebuleni. Nikabonyeza. Kioo kikawa cheusi, yakatoka maandishi meupe ya Kizungu, mistari miwili, basi.

"Inasemaje, shemeji?" Deo akauliza.

Hapo ndipo pa kusema sijui. Mimi nikatikisa kichwa kama daktari. "Inasema imepata baridi."

"Baba Neema, si tumwite fundi?" mke wangu akanong'ona.

"Fundi unayemtafuta unalala naye," nikamjibu, majirani wakashangilia, na kichwa kikanivimba.

Na msinione mjinga: ilikuwa Juni, baridi yetu ya Ufipa ya Juni mnaijua, na mashine ya dizeli asubuhi hizo haiwaki mpaka uiwashie tambara pale inapovutia hewa. Mashine ni mashine. Nikaizima, nikaiwasha, nikaipiga kofi ubavuni (kwa mashine ya kusaga linasaidia), maandishi yakarudi yale yale, basi nikalibeba kasha lake mpaka kibarazani, nikaliweka juu ya kigoda, chini nikasukuma jiko la mkaa, na ili joto lisipotee nikalifunika kwa kiroba cha mahindi. Cha plastiki. (Habari za kiroba tuziache.)

"Dakika kumi tu," nikatangaza, "mtamwona mzee."

Dakika ya nne moshi, ya tano moto. Watu wakatoka mbio, mama mkwe mbele, "Mume wangu jamani, mume wangu anaungua!" nami kwa kuchanganyikiwa nikavuta nguo ya kwanza iliyopita mkononi, nikaukandamiza moto mpaka ukafa, nikainuka kifua mbele nikingoja pongezi. Wapi! Nguo ile ilikuwa kitenge cha mama mkwe, nimekichomoa kiunoni mwake, na yeye kasimama katikati ya majirani na suruali ya trakisuti ya mjukuu wake, nyekundu, namba tisa pajani, aliyoivaa ndani kwa sababu kwao bondeni ni joto na baridi yetu haiwezi. Mama mkwe, ambaye kwetu hata macho humkazii!

"Mama, kumbe unacheza mbele!" jirani mmoja akapasuka, na kibaraza kizima kikaangua kicheko. Mimi nilitamani kuingia ndani ya debe nijifunike.

Fundi akaitwa (mimi sikuulizwa). Akaligeuza lile kasha lililobabuka, akachomoa flashi niliyoisahau jana yake nilipokuwa nahamisha nyimbo za kwaya.

"Mzee, kompyuta ilikuwa nzima. Ilikuwa inatafuta pa kuanzia ndani ya hiki kijiti, ikakosa. Maandishi yalikuwa yanakuomba ukitoe tu."

"Kwa hiyo haikuwa na baridi?" Deo akauliza, mtu mbaya yule.

Kilichoungua ni kasha na kiboksi kinachopokea umeme; panapotunzwa video palipona. Fundi akaweka vingine, na kesho yake jioni mzee akatokea kwenye kioo, kofia upande kama kawaida yake, akimwambia Neema, "Mumeo akisema njia anaijua, wewe bado uliza." Mama mkwe akacheka huku machozi yanamtiririka, kisha, bila kunitazama, akasema, "Deo, mwambie mkwe wangu nimemsamehe. Ila mbuzi wa aibu yangu namtaka, na kitenge."

Nimeapa: nikikuta maandishi nisiyoyajua nitauliza, hata mtoto wa chekechea. Fundi, vifaa, mbuzi na kitenge vilinigharimu shilingi laki mbili na arobaini na saba elfu na mia tano.